Mzee yuko sebuleni, mazungumzo yako kwingine

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa. Mabasi huongezwa, magari madogo hupita Chalinze, Segera na Same yakiwa yamebeba watoto, mchele na zawadi za wazee. Wachagga wanakwenda nyumbani. Kwa siku chache za Krismasi na Mwaka Mpya, nyumba za Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, ambazo mwaka mzima zilikuwa na mtu mmoja au wawili, hulaza watu kumi na watano. Mbuzi anachinjwa, mbege inapikwa, televisheni haizimwi.

Karibu na dirisha ameketi mtu ambaye safari yote ilifanywa kwa ajili yake. Kila aliyeingia amemwamkia, naye ameitikia marahaba mpaka ya mwisho. Ameulizwa hali, akasema ni njema, anamshukuru Mungu. Baada ya hapo mazungumzo yamemwacha. Wajukuu wanasimuliana mambo ya chuo kwa kasi, maneno ya Kiingereza yakiingia na kutoka. Wanawe wanabishana juu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, watatu wakisema kwa mpigo. Wenzake wakicheka, naye anatabasamu. Saa mbili usiku anaaga kwamba amechoka, anakwenda kulala. Waliobaki wanaambiana kwamba siku hizi mzee anachoka mapema.

Nadhani uchovu huo unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko tunavyofanya. Ndani yake umo upweke ambao familia nyingi hazihesabu kuwa upweke, kwa sababu nyumba imejaa. Umo pia mwili unaofanya kazi nzito ya kujaribu kuelewa lugha, kazi ambayo kijana wa miaka ishirini haifanyi kabisa. Mambo hayo mawili hulishana, na wengi wetu hutambua pale tu mzee anapokuwa ameacha kuuliza.

Tumezoea kuamini kwamba upweke ni maradhi ya wenzetu. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, Japani ikafuata mwaka 2021, nasi tukatikisa kichwa: hao hawana ukoo, hawana jirani, mama yao wanamweka kwenye nyumba ya wazee. Ripoti ya tume ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyoongozwa na Vivek Murthy wa Marekani na Chido Mpemba wa Umoja wa Afrika na kutolewa Juni 2025, haitupi nafasi ya kujifariji hivyo. Inasema mtu mmoja kati ya kila sita duniani anasumbuliwa na upweke, na inauhusisha upweke na vifo takribani 871,000 kwa mwaka. Katika nchi za kipato cha chini, asilimia 24 ya watu walisema wana upweke. Katika nchi tajiri ilikuwa kama asilimia 11.

Asiyetofautisha upweke na kukaa peke yake atashangazwa na takwimu hizo. Kukaa peke yako kunahesabika: ni watu wangapi ndani ya nyumba, ni wageni wangapi kwa wiki. Upweke hauhesabiki kwa kutazama. Lazima mtu mwenyewe aulizwe. Ndiyo sababu vipimo vyake, kikiwamo kile cha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilichotungwa mwaka 1978 na kinachotumika hadi leo, ni orodha ya maswali juu ya kile mtu anachohisi. Je, unahisi umeachwa nje? Je, kuna watu unaoweza kuzungumza nao? Kwa mzee aliyezungukwa na watoto, swali la pili linaweza kuwa na jibu gumu. Watu wapo. Mazungumzo ndiyo hayamfikii.

Kwa nini hayamfikii? Tuanze na sikio, maana ndilo linalolaumiwa kidogo kuliko linavyostahili.

Usikivu wa uzeeni haupungui kama mtu anavyopunguza sauti ya redio. Hupungua kwa upande mmoja wa sauti. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea mtetemo, na vile vinavyopokea sauti nyembamba ndivyo vinavyochakaa kwanza. Vikishakufa havioti tena. Sauti nzito hubaki. Katika usemi, sauti nzito na zenye nguvu ni irabu: a, e, i, o, u. Sauti nyembamba na dhaifu ni konsonanti kama s, f, sh, th, k, t na p. Kwa hiyo mzee anasikia kwamba unasema, anatambua ni sauti ya nani, anaweza hata kujua umefurahi au umekasirika, lakini mifupa ya neno imeondoka. Fika, shika, pika na tika, zote humfikia zikiwa “-ika”. Anabaki kukisia. Ndiyo maana lalamiko la wazee wengi linafanana, nalo ni la kweli kabisa: nakusikia, ila sielewi unasema nini.

Kiswahili kinamwongezea mtego wake. Sema “atakuja kesho”, kisha sema “hatakuja kesho”. Silabi ni zilezile, mkazo ni uleule. Kinachotenganisha ahadi na kukata tamaa ni pumzi ya h mwanzoni, sauti ambayo wasemaji wengi wenye afya njema huitamka kwa ulegevu au huiacha kabisa. Fikiria binti anampigia simu baba yake: kaka hatakuja Krismasi, hakupewa likizo. Baba anasikia kaka atakuja. Anamweleza jirani, anaagiza mbuzi, anakaa kungoja. Kaka asipotokea, familia inasema: “Tulimwambia, amesahau.” Hakusahau. Alichokumbuka ndicho alichokisikia.

Simu yenyewe ina lawama. Mitandao ya kawaida ya simu kwa miongo mingi imekuwa ikipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu, kwa sababu hizo zinatosha mtu mwenye masikio mazima kuelewa. Sehemu kubwa ya nguvu ya s na f iko juu ya hapo. Hivyo mzee anayezungumza na mwanawe aliyeko Dar, Muscat au Minneapolis anapokea usemi uliokatwa mara mbili, kwanza na mtandao kisha na sikio lake, tena bila kuona midomo ya msemaji. Akijibu “haya, haya, Mungu awabariki” na kumrudishia mjukuu simu baada ya dakika moja, tusidhani kwamba hana hamu ya kuzungumza.

Jambo linalofanya haya yote yasigundulike ni adabu yetu wenyewe. Maamkizi ya Kiswahili ni marefu, yana mpangilio, na kila jibu linajulikana kabla swali halijaisha. Shikamoo ina marahaba. Habari za asubuhi ni nzuri. Za nyumbani? Salama. Watoto hawajambo? Hawajambo. Mzee aliyepoteza nusu ya usikivu wake anaweza kupita njia hiyo yote bila kukosea neno, kwa sababu anajua kinachokuja. Tunaondoka tukisema babu yuko vizuri, anaongea kama zamani. Tumempima kwa mtihani ambao majibu yake ameyajua tangu utotoni. Kipimo cha kweli kingekuwa swali asilolitegemea: “Babu, ule mparachichi uliokatwa ulikuwa wa nani?” Nenda kaulize, televisheni ikiwa imewashwa, usikie atajibu nini.

Masikio hayako peke yake katika kazi hii. Kuelewa sentensi ni kuishika kichwani kwa muda mpaka iishe, kuunganisha mwanzo na mwisho, kulinganisha na unachokijua, na wakati huohuo kupokea sentensi inayofuata. Kasi ya kazi hiyo hupungua kwa umri. Msamiati haupungui; kwa watu wengi unaendelea kukua hadi miaka ya sitini na kuendelea, na mtu wa miaka 70 kwa kawaida anajua maneno mengi kuliko mjukuu wake wa chuo. Lakini maneno hayo yanamsaidia iwapo anapata nafasi ya kuyafikia.

Arthur Wingfield na wenzake katika Chuo Kikuu cha Brandeis, Massachusetts, walilionyesha hili vizuri katika jaribio walilolichapisha mwaka 2005. Waliwasikilizisha wazee orodha za maneno, wakazisimamisha ghafla na kuwaomba wataje maneno matatu ya mwisho. Neno la mwisho kabisa, wale wenye usikivu hafifu walilitaja vizuri kama wenzao. Maana yake walilisikia. Ila yale mawili ya kabla yake waliyapoteza zaidi. Nguvu iliyotumika kulitambua kila neno ilipunguza nguvu ya kuliweka neno lililopita. Nikisoma matokeo hayo nawafikiria wazee wote wanaoitwa wasahaulifu baada ya mkutano wa familia. Walikuwa wakivuta kila neno kwa kamba, moja baada ya jingine, wakati sisi tunaelea nalo. Uchovu wa saa mbili usiku unaanzia hapo.

Sasa ongeza lugha yenyewe, kwa maana ya lugha gani inazungumzwa. Bibi wa Machame amelelewa kwa Kimachame. Kiswahili alikipata shuleni, kanisani na sokoni, na amekitumia vizuri maisha yake yote. Wajukuu waliozaliwa Tabata au Mbezi, Dar es Salaam, hawajui Kimachame zaidi ya salamu mbili tatu. Nairobi hali ni hiyohiyo: cucu, yaani bibi, kutoka Murang'a anasikiliza Sheng ambayo hata mama wa watoto hao haifuati yote. Kusikiliza lugha ya pili penye kelele ni kugumu kwa mtu wa umri wowote, kwa sababu ukikosa sauti moja, lugha ya kwanza hukujazia pengo bila kufikiri, ya pili haikujazii hivyo. Kwa mzee mizigo hiyo inapandana. Nimesikia watu wakisema bibi “amerudi kwenye kilugha” kana kwamba ni dalili ya akili kudhoofika. Mara nyingi amerudi mahali ambapo kuelewa hakumchoshi.

Walio na hali ngumu zaidi pengine ni wazee walioihama lugha bila kutaka. Wakongo wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokewa Marekani tangu miaka ya 2010, na pamoja na familia changa walikwenda akina babu na bibi. Katika nyumba za ghorofa za miji ya huko, mjukuu akishaanza shule hahitaji miaka mingi kuanza kujibu kwa Kiingereza anapoulizwa kwa Kiswahili. Mama anafanya kazi zamu ya usiku. Mzee anabaki na televisheni asiyoielewa na simu ya kusubiri mtu wa Bukavu au Uvira awe macho.

Hapo ndipo upweke unapogeuka na kuanza kufanya kazi yake upande wa pili. John Cacioppo, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyefariki mwaka 2018, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuutafiti. Aliueleza upweke kuwa kengele ya mwili, iliyo jamaa ya njaa na kiu: inatusukuma turudi kwa watu. Ila kengele ikilia miaka mingi bila kuzimwa, mtu hukaa katika hali ya tahadhari. Macho na masikio yake hutafuta dharau na hatari kwenye sura na maneno ya wengine, na mwenye kutafuta hakosi. Wanafamilia wanacheka jikoni; mzee hakusikia kilichochekesha. Katika pengo hilo anaweka maana: wananicheka mimi. Uwezo wa kutambua hisia katika sauti ya msemaji nao hupungua uzeeni, kwa hiyo utani, ambao kwetu ndio kiungo cha ujamaa, unaweza kumfikia kama tusi. Anajibu kwa ukali. Watu wanaanza kumwogopa kidogo, wanapunguza maneno. Anathibitisha alichokuwa akishuku.

Mwaka 2023 Elisa Baek na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanafunzi 66 wa mwaka wa kwanza waliotazama video wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Wale wasio na upweke, ubongo wao ulifanana katika namna ya kupokea kile walichokiona. Wenye upweke kila mmoja alikuwa na njia yake, isiyofanana na ya wenzake wala ya wapweke wengine. Hao walikuwa vijana, na sitaki matokeo yao yahamishiwe kwa mzee wa miaka 78 kana kwamba ni kitu kimoja. Hata hivyo yananifikirisha juu ya mazungumzo, kwa sababu kuelewana kunategemea sana watu wawili kuiona hali moja kwa namna inayokaribiana.

Kuhusu akili yenyewe, ushahidi umekusanyika kiasi cha kutosha kututia wasiwasi. Robert Wilson na wenzake huko Chicago waliwafuatilia wazee 823 na kuripoti mwaka 2007 kwamba wale wenye upweke mwingi walikuwa na hatari zaidi ya mara mbili ya kupata ugonjwa wa Alzheimer kuliko wenye upweke kidogo. Tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya demenshia, yaani ugonjwa wa akili kudhoofika, duniani. Kupungua kwa usikivu kumepewa asilimia 7, kutengwa na watu asilimia 5.

Lakini uhusiano si uthibitisho wa chanzo, na watafiti wa Marekani walijaribu kulipima hilo moja kwa moja. Katika jaribio liitwalo ACHIEVE, watu 977 wenye umri wa miaka 70 hadi 84 waliokuwa na usikivu hafifu waligawanywa: nusu walipewa vifaa vya kusaidia kusikia pamoja na ushauri wa mtaalamu, nusu wakapewa elimu ya afya. Baada ya miaka mitatu, kwa kundi zima akili haikuonyesha tofauti. Kwa wale waliokuwa na hatari kubwa tangu mwanzo, kudhoofika kulipungua kwa asilimia 48. Hayo yalichapishwa mwaka 2023 na yalisambaa sana. Matokeo yaliyofuata mwaka 2025 hayakusambaa sana, nami nayaona yana uzito kwa nyumba zetu: waliopewa vifaa walibaki na mtu mmoja zaidi katika mduara wa watu wao kuliko waliokosa. Mtu mmoja. Anayedhani ni kidogo ahesabu wale ambao mama yake bado anazungumza nao.

Kwetu jambo hili lina sura ya peke yake. Wilayani Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza wamefanya kazi kwa miaka mingi na wazee. Uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 2013, uliowafikia watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, ulikadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na demenshia. Walipozungumza na familia, waliwakuta wengi wakiona usahaulifu kuwa sehemu ya kawaida ya uzee. Ikawalazimu pia kutunga kipimo kipya, IDEA, kwa sababu vipimo vya Ulaya na Marekani humtaka mtu aandike sentensi au achore saa, na bibi ambaye hakupelekwa shule hushindwa kwa kosa lisilo la ubongo wake. Katika IDEA anapewa njiti za kiberiti apange umbo, anaombwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Kazi nzuri. Hata hivyo kipimo chochote cha namna hiyo kinaulizwa kwa mdomo. Ambaye hakulisikia swali atalikosa, na alama zake zitafanana na za aliyesahau. Kabla mtu hajamwita mzazi wake mgonjwa wa akili, masikio yake yaangaliwe.

Hukohuko Hai, Stella-Maria Paddick na wenzake walijaribu tiba isiyo na kidonge kwa watu wenye demenshia: vikao 14 vya kundi dogo kwa wiki saba, watu wakikaa pamoja na kuzungumza juu ya chakula, mazao, nyimbo, mambo ya zamani, wakiongozwa na mtu aliyefunzwa. Walichapisha matokeo mwaka 2017. Akili ya washiriki ilipata nafuu na hali yao ya maisha pia. Huko Portland na Detroit, Marekani, Hiroko Dodge aliongoza jaribio la watu 186 wenye miaka 75 na zaidi waliokuwa wametengwa na watu. Nusu yao walizungumza na mtu kwa video, nusu saa, mara nne kwa wiki kwa miezi sita, kisha mara mbili kwa wiki. Mazungumzo tu. Wengine walipigiwa simu fupi mara moja kwa wiki kujuliwa hali. Kufikia mwezi wa sita, waliozungumza walikuwa mbele kwenye vipimo vya akili, na waliokuwa na akili timamu tangu mwanzo waliboreka katika kazi zinazotegemea lugha.

Nikitazama majaribio hayo mawili naona kitu ambacho baraza za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimekuwa nacho kwa karne. Wazee wanakaa ana kwa ana kwenye kibaraza cha mawe, kahawa inapita, bao linachezwa. Watu ni walewale, mada ni za jana na juzi, anayesema anatazamwa usoni, na hakuna anayeharakishwa. Sikio chovu likipangiwa mazingira, ndiyo haya. Kinachonisikitisha ni kwamba baraza ni ya wanaume. Mwanamke mzee, ambaye kwa kawaida ndiye anayebaki mjane, hana pa kukaa kama hapo. Ana jumuiya, ana chama cha kuzikana, ana vicoba, vikundi vya kuweka na kukopa, kama bado ana mtaji. Goti likikataa kutembea, hivyo vyote humpotea kwa mpigo, na hakuna anayempelekea kikao nyumbani.

Nasi tunaobaki naye tunasema naye vibaya. Tunapaza sauti, na kupaza sauti huongeza irabu, zile ambazo tayari alikuwa akizisikia, huku sikio chakavu likiumizwa na ukali wake. Au tunamgeuza mtoto: sauti inakuwa nyembamba, maneno yanakatwa vipande, “babu tumekula? Tumekunywa dawa?” Susan Kemper wa Chuo Kikuu cha Kansas alichunguza usemi wa namna hiyo na mwaka 1999 akaonyesha kipi kinasaidia na kipi hakisaidii. Kupandisha sauti juu, kuvuta maneno polepole na kukata sentensi fupifupi havikusaidia kuelewa. Kilichosaidia ni kurudia wazo kwa maelezo zaidi, na kuacha kupachika sentensi ndani ya sentensi. Yaani mzee anataka maelezo kamili, yaliyonyooka, ya mtu mzima. Na kuna kosa la tatu ambalo kwangu ni baya kuliko hayo: kule kliniki, muuguzi anamgeukia kijana aliyemsindikiza na kuuliza, “mzee anaumwa nini?” Mzee yuko palepale kitini.

Inayofaa kufanywa nyumbani inajulikana, na haigharimu. Zima televisheni. Kaa mbele yake, mwanga ukiwa usoni kwako na si mgongoni. Mwite jina au mguse bega kabla ya kuanza, kama mtu anavyopiga hodi kabla ya kuingia. Taja kwanza mnachozungumzia, “baba, habari ya kihamba,” kwa maana akiijua mada amekwisha kupata nusu ya maneno, na maarifa yake mengi yatamjazia nusu nyingine. Asipoelewa, usirudie maneno yaleyale kwa sauti kubwa. Liseme kwa maneno mengine. Na usiseme “achana nayo, si kitu.” Sijui maneno mengine mepesi yanayomtoa mtu nje ya nyumba yake haraka kama hayo.

Serikali nazo zina lao. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ilitolewa kwanza mwaka 2003. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa pencheni wote waliotimiza miaka 70. Ni hatua za kuheshimiwa, na zinatazama mfuko na dawa. Usikivu haujapata nafasi yake, ingawa WHO inakadiria kwamba zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 duniani wana tatizo la kusikia linalowazuia maishani, na kati ya wanaohitaji kifaa cha kusaidia kusikia, asilimia 83 hawakitumii.

Kumpima hakuhitaji mashine kwa kuanzia. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 wa huduma za wazee unaeleza kipimo cha kunong'ona ambacho mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kukifanya kwenye kibaraza. Simama nyuma ya mzee, kidogo upande mmoja, umbali wa mkono ulionyooshwa, ili asione midomo yako. Mwambie azibe sikio la upande wa pili kwa kidole. Toa pumzi, kisha nong'ona maneno manne ya kawaida yasiyohusiana: shati, kuku, mlango, kesho. Aseme alichosikia. Rudia upande wa pili kwa maneno mengine. Akishindwa, aende kwa mtaalamu wa masikio, na kituoni jambo la kwanza liwe kutazama kama sikio limezibwa na nta, kwa kuwa nta huwaziba wazee wengi na huondolewa kwa dakika chache. Isichokolewe nyumbani kwa njiti wala kwa pini.

Ikiwa ni usikivu wenyewe na familia imeweza kununua kifaa, ijiandae kwa wiki za mwanzo. Kifaa hupandisha kila kitu: vijiko, mvua ya mabati, karatasi, mtu anayeburuta kandambili. Ubongo uliokaa miaka kumi katika utulivu unahitaji muda kuzoea tena, na vifaa vingi huishia kabatini ndani ya mwezi wa kwanza kwa sababu hakuna aliyemweleza mzee hivyo. Avae saa moja kwa siku kwenye chumba kimya, na mtu mmoja wa kuzungumza naye. Wiki inayofuata aongeze. Na betri zinunuliwe za ziada, kwa sababu Machame hazipatikani dukani kila siku.